Oveni na Mimi, Mpaka Mvua Ziishe

Jumatatu, 3 Machi

Miaka thelathini na moja nimepiga taipu maneno ya watu wengine mahakamani: mashahidi, wezi, waliosingiziwa wizi, wake waliochoka na waume waliochokwa. Leo naandika yangu. Nimeshtakiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sitaki kesi hii iandikwe na mtu mwingine.

Mshtaki ni mwanangu, mtoto wangu wa pekee, mfamasia, mtu mzima mwenye mvi mbili anazodhani sijaziona. Kosa langu ni kwamba wiki iliyopita niliwasha oveni ya gesi ikanilipukia. Sitii chumvi wala sipunguzi. Ilisema "puf!" mara moja tu, ikaondoka na nyusi zangu zote mbili na nywele za mbele. Nilizungusha kitufe kwanza, ndipo nikaanza kutafuta kiberiti. Kiberiti kilikuwa sebuleni. Sebuleni nikakuta redio inaongea jambo la maana, nikasimama kidogo. Niliporudi na kuingiza moto, gesi ilikuwa imejaa mle ndani inaningoja.

Sikumwambia mtu. Nilichukua penseli ya wanja nikajichorea nyusi mpya, nzuri kuliko za zamani kwa kweli. Siku nne zikapita salama. Jana wakaja kunitembelea, mwanangu, mkewe na mjukuu wangu wa kike wa miaka sita. Nikashuka mpaka nje kuwapokea, na mvua ya kwanza ya msimu ikaamua kunyesha papo hapo. Mjukuu wangu akaniangalia akasema, "Bibi, nyusi zako zinashuka."

Loo, nilikoma!

Hukumu ikatoka kabla chai haijapoa. Mwanangu anataka nihamie kwake. "Mama, chumba kipo, kitanda kipo, na hutagusa jiko tena." Alisema kama mtu anayenipa zawadi. Nikamwambia nimekaa hapa ghorofa ya pili miaka arobaini, tisa kati ya hiyo bila marehemu baba yake, na sijawahi kuunguza hata pazia. Mkewe alikaa kimya akimfuta mtoto mikono. Kimya chake nakijua. Yeye ndiye aliyempikia mwanangu wazo hili, nina hakika nalo. Anatafuta wa kumshikia mtoto.

Tumekubaliana hivi: mpaka mvua ziishe. Lisipotokea tukio lingine, nabaki kwangu na neno la kuhama halitasemwa tena. Likitokea hata moja, nafunga virago. Tukapeana mikono kama watu wa nje.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimekula mkate wa dukani. Ni pamba tupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita Bi Povu. Huyu ni fundi wa gesi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, anayebeba mtungi begani kama mtu anavyobeba mtoto. Wamempa jina hilo kwa sababu haingii nyumba ya mtu bila kopo la maji ya sabuni na brashi. Kila penye kiungo anapaka povu. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Likitulia, salama.

Nikamweleza mambo ya kiberiti na redio. Akaniangalia pale nyusi zilipokuwa.

"Bi Mkubwa, ulikuwa unawasha au unajitoa kafara?"

Nilitaka kumfukuza, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini. Akavuta mpira wa gesi akanionyesha tarehe iliyochapwa juu yake. Umepita muda wake miaka minne! Mimi niliyesoma kila mhuri uliopita mahakamani, mpira wa jikoni kwangu sikuwahi kuusoma. Akaubadilisha na kukaza vibano, akapaka povu. Likatulia.

Halafu akanifanyia mtihani. Akanisimamisha mbele ya oveni, niwashe na kuzima mara kumi na mbili, na kila mara niseme kwa sauti.

"Mlango wazi. Kiberiti kinawaka. Napeleka moto kwenye tundu. Uso kando. Ndipo nazungusha."

"Isiposhika?"

"Nazima. Naacha mlango wazi, nafungua na dirisha, nangoja dakika tano."

"Na hizo dakika tano unakwenda wapi?"

"Redioni."

"Ebo!"

"Siendi popote. Nakaa hapa hapa."

"Ukisikia harufu ya gesi?"

"Nafunga koki ya mtungi. Nafungua madirisha. Siwashi taa, siizimi, sigusi simu humu ndani. Natoka, nakuita nikiwa nje."

"Na moto mzuri ni wa rangi gani?"

"Buluu."

"Ukiwa wa njano?"

"Nakuita."

Akasema nimefaulu, lakini nisijivune. Nimejivuna.

Jumamosi, 8 Machi

MKATE! Umefura, umepata rangi, ukiugonga chini unalia kama mlango mzuri. Nimesimama nao dirishani ili watu wauone. Jirani wa chini, mshonaji ninayemwita Sindano kwa wembamba wake na ulimi wake, akainua kichwa na kuuliza kama ni mkate au tofali. Nikamteremshia nusu. Baada ya dakika kumi nikasikia kutoka chini: "Tofali lingine lipo?"

Alhamisi, 13 Machi

Mvua, mvua, mvua. Nimefunga madirisha yote isipokuwa la jikoni.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja. Nilichora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye oveni, nikamwambia mjukuu wangu hapo ni mpaka wa nchi na yeye hana pasi ya kusafiria. Akasimama na vidole vyake vya miguu juu ya mstari kabisa, mikono nyuma, anaangalia mkate ukiumuka kupitia kioo. Kila dakika anauliza, "Bibi, sasa hivi unafanya nini?" Nami namjibu kwa heshima zote, kama nilivyokuwa nikimjibu hakimu.

Mama yake hakukaa hata dakika moja. Alizunguka jikoni, akachungulia nyuma ya jiko, akaushika mpira, akaangalia kama koki ya mtungi inafikika kwa urahisi. Hakusema kitu. Anapeleleza. Ana haki ya kutafuta kosa, nami nina haki ya kutompa.

Mwanangu alikula vipande vitano akasema, "Si vibaya." Mtoto wangu huyu! Baba yake naye alikuwa hivi hivi.

Jumatano, 2 Aprili

Sindano amepanda ngazi na suti mbichi mkononi, ya bwana harusi wa Jumamosi hii. Wiki nzima jua halijatoka, nguo haikauki. "Iweke kwenye oveni yako robo saa tu, moto mdogo."

Nikasema oveni ni ya kupikia, haikuumbwa kuwa kamba ya nguo. Akaniambia nimekuwa mkali tangu nipoteze nyusi. Nikamuuliza bwana harusi atapenda aolewe na suti au na majivu. "Anaoa, haolewi," akasema. "Basi ndiyo tabu zaidi," nikamjibu. Tukacheka kwenye ngazi kama vichaa. Mwisho tukaitundika suti sebuleni mbele ya feni, ikakauka yenyewe, na mimi nikapewa kadi ya mwaliko.

Siandiki hapa kwamba jana soksi zangu mwenyewe nilizishika mlangoni mwa oveni nikafikiria. Nilifikiria tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Harusi nzuri. Suti haikuwa na majivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeumbuka. Nilipika keki kwa kipimo cha watu ishirini ndani ya trei ya watu kumi. Ikapanda, ikamwagika, ikadondoka sakafu ya oveni na kuungua hapo. Moshi! Nilizima, nikafunga koki, nikafungua dirisha ingawa mvua ilikuwa inaingia kwa pembeni na kulowesha unga wangu. Kilichobaki ndani ya trei kilikuwa na shimo katikati. Nikalijaza matunda. Sindano anadhani ndivyo inavyotakiwa iwe, ameomba nimfundishe.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku mbili nimesafisha. Bi Povu alinipa maelekezo kwa simu, nikayaandika kwa hati mkato kama zamani. Kwanza kabisa oveni iwe baridi na koki ya mtungi ifungwe. Nimetoa nyavu za chuma na trei, nikazilaza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Nimekoroga magadi ya kuokea na maji kidogo mpaka yakawa uji mzito, nikapaka kuta zote, lakini si kwenye matundu ya moto wala ile fimbo nyembamba ya kupima joto. Nikaacha mpaka asubuhi. Leo nimefuta kwa kitambaa chenye maji, nikanyunyiza siki kwenye mabaki, ikachemka na kulia "shhh", nikafuta tena na tena. Matundu mawili yalikuwa yamezibwa na keki. Nimeyazibua kwa sindano, ya Sindano. Sikutumia kijiti cha meno, maana Bi Povu anasema kikivunjikia mle ndani ni balaa. Nimekausha kila pembe kabla ya kuwasha.

Nilianza nikiwa nimenuna, nikamaliza nikiimba. Mikono imechubuka licha ya glavu, kiuno hakinyooki, na oveni inang'aa hata naona meno yangu ndani yake. Nimefungua na kufunga mlango wake mara nane bila sababu.

Jumanne, 15 Aprili

Mimi mjanja! Kazi ile sirudii mpaka kiama. Nimenunua foili, ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, nikaitandika sakafu nzima ya oveni, kona hadi kona, bila mkunjo hata mmoja. Kitu kikidondoka, naivua na kuitupa. Nikatoboa tundu moja la kuingizia kiberiti, maana mimi si mjinga. Sindano amekuja kuangalia, amesema natakiwa nifundishe vyuoni.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkate umechelewa kuiva na chini umebaki mweupe. Labda ni unga. Kupitia lile tundu moto umeonekana wa njano njano hivi. Nadhani ni mng'ao wa foili.

Jumanne, 22 Aprili

Ajabu na kweli. Mkwe wangu, mama wa mjukuu wangu, amenipigia simu mwenyewe. Anafundisha watoto wa chekechea, na Ijumaa wana sherehe yao. Ameuliza kama nitaweza kuwaokea biskuti sitini. "Mama, watoto wangu wote wameshasikia habari za oveni yako. Mjukuu wako huyu anawasimulia kila siku." Nikasema nitaangalia nafasi. Nilipokata simu nilicheza katikati ya sebule.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya tatu mvua haijakatika. Inaingia dirishani mpaka kwenye meza ya unga. Kesho nitalifunga hilo dirisha. Ni kwa saa chache tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa kitandani, na nitaandika kama shahidi aliyeapishwa, bila kujipendelea.

Jana, saa tano asubuhi, niliwasha oveni kwa utaratibu wote: mlango wazi, kiberiti kwanza, uso kando. Dirisha la jikoni nilikuwa nimelifunga. Mlango wa jikoni niliurudishia ili joto lisitoroke. Trei ya kwanza ikaingia, ikatoka. Ya pili ikaingia, ikatoka. Kichwa kikaanza kunigonga juu ya macho. Nikasema ni njaa, nikala biskuti mbili. Tumbo likachafuka. Nikasema ni biskuti. Miguu ikawa mizito, nikasema ni uzee, neno ambalo sijawahi kulitumia kwa hiari yangu. Saa saba na kitu nikaweka trei ya nne, nikavuta kiti, nikalaza kichwa mezani. Nakumbuka nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linalonitisha leo, kwamba nilijisikia vizuri.

Kilichofuata nimeambiwa. Shule ilikuwa imewarudisha watoto mapema kwa ajili ya mvua na sherehe ikaahirishwa. Mkwe wangu akapita kunijulisha, badala ya kungoja saa kumi tuliyoagana aje kuchukua biskuti. Mlango wangu wa mbele mchana huwa siutii funguo. Akaingia, akaita "Mama, hodi!", kimya. Akasukuma mlango wa jikoni.

Akazima oveni, akafunga koki, akafungua dirisha kwa nguvu mpaka kioo kikapasuka. Hakunipigia kelele kunizindua. Alinishika makwapani, akaniburuta mpaka kwenye baraza ya ngazi, kwenye mvua na upepo, akanikalisha, akanishika uso. Mwanamke mwembamba vile! Nilipofumbua macho nilimwona analia, nywele zimemlowa, ananipiga piga mashavu. "Mama, vuta hewa. Vuta. Tena. Mama, usinifanyie hivi."

Nilichosema mimi, aibu yangu, ni "Biskuti zitaungua."

Zahanati walinivalisha barakoa ya hewa saa mbili nzima. Tabibu akasema ni hewa chafu ya moto usiopumua vizuri. Haina harufu wala rangi, inamlaza mtu taratibu. Nusu saa zaidi, akasema, halafu hakumalizia.

Tuliporudi mkwe wangu akafungua oveni, akainama, akakaa hivyo muda.

"Mama, hii karatasi nani kaiweka?"

"Mimi."

"Matundu yote yamezibwa."

"Nilitoboa moja."

Akaniangalia, na mimi nikajiangalia miguu. Nilingoja aseme. Ushahidi wote ulikuwa mikononi mwake, na kesi alikuwa ameshaishinda. Akaichomoa foili, akaikunja ndogo, akaitupa. Akanipikia uji, akakaa pembeni ya kitanda.

"Sitamwambia," akasema. "Akiniuliza sitadanganya, lakini haya ni ya kwako kumwambia, si yangu."

"Kwa nini? Si ndicho ulichokuwa unakitaka, nihamie kwenu?"

Alishtuka kweli. "Mimi? Mama, mimi na yeye hatukusemezana siku mbili kwa ajili ya jambo hili. Bibi yangu mzaa mama walimhamishia kwetu kwa wema hivi hivi. Alikaa miaka sita kama mgeni. Alikuwa anaomba ruhusa hata ya kufungua friji. Mimi sitaki uje kuniomba ruhusa ya kufungua friji."

Nikaweka bakuli la uji chini. Miaka minane nimemwandikia mwanamke huyu maneno ambayo hakuyasema. Nimemshika mkono, na sikuuachia mpaka nikalala.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelala. Kichwa bado.

Jumatatu, 28 Aprili

Bi Povu. Alipanda ngazi mbili mbili, akanikumbatia, halafu akanifokea robo saa bila kumeza mate. Moto nao unapumua! Sakafu ya oveni ina matundu kwa sababu! Moto wa njano nilikuwa nimeambiwa maana yake! Alipomaliza akafuta machozi kwa kitambaa cha povu, akawa na povu puani. Tukaanza kucheka, tukashindwa kuacha.

Amefungua kila kitu, amesafisha, amewasha. Buluu. Akasema tatizo la pili ni dirisha: mtu mwenye dirisha linaloingiza mvua atalifunga tu, hata ukimuapisha. Kwa hiyo amepima. Kesho analeta kipaa kidogo cha bati cha kuning'inia nje juu ya dirisha.

Jumanne, 29 Aprili

Kipaa kimefungwa, na kioo kimewekwa kipya. Mvua inapiga bati, dirisha liko wazi, unga umekauka. Jambo dogo kiasi hiki! Nimesimama hapo nasikiliza, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumapili, 4 Mei

Mwanangu amekuja. Kala, kasifu. Sikusema.

Jumamosi, 10 Mei

Biskuti sitini za sherehe iliyoahirishwa, trei nne, dirisha wazi, mlango wazi, na mimi nje ya jikoni kila baada ya trei. Mkwe wangu alikuja kusaidia. Kumbe hajawahi kuwasha oveni ya gesi maishani mwake! Yeye ana ya umeme, na hii ya gesi alikuwa akiipita kwa mbali kama mbwa mkali. Ndiyo maana alikuwa anachungulia chungulia siku ile: alikuwa anajifunza kwa macho, anaona haya kuuliza. Nimemsimamisha, nikamfanyia mtihani mara kumi na mbili. Mara ya tatu alipiga yowe moto uliposhika. Mara ya kumi na mbili aliwasha huku akinisimulia habari za mwalimu mkuu wao. Nikamwambia asijivune. Amejivuna.

Jumapili, 11 Mei

Mwanangu kasema, "Mama, naona mambo yako safi." Mkewe akainuka kwenda kunawa mikono. Mimi sikusema. Nimewaandika mashahidi wengi walionyamaza, na siku zote nilijua mahali waliponyamazia. Sauti inapanda kidogo. Leo yangu ilipanda.

Jumatano, 14 Mei

Mvua kidogo tu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imekuwa ya kuonja. Sindano ameanika vitambaa nje, vyote. Barabara nzima inanuka sabuni na jua. Nimefurahi, halafu nikakumbuka kwamba mvua zikiisha hukumu inasomwa.

Alhamisi, 29 Mei

Nimesafisha oveni, bila foili. Safari hii sikuimba.

Jumapili, 1 Juni

Mbingu safi, hakuna wingu. Niliamka mapema nikaoka mkate, halafu nikaenda chumbani nikapanga sanduku. Nilipomaliza nikalifunga na kuliacha nyuma ya mlango, nikavaa gauni langu zuri.

Wakaja. Tukala. Mjukuu wangu akasimulia jinsi wenzake walivyogombania biskuti. Mwanangu akasimama na glasi ya maji ya matunda mkononi, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Mama, mimi nikikosea nakubali. Miezi mitatu imepita. Hakuna tukio hata moja. Umeshinda. Unabaki kwako, na mimi sitafungua mdomo tena."

Mkwe wangu aliangalia sahani yake. Mjukuu wangu akapiga makofi. Naapa, raha niliyoisikia ilikuwa tamu kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka kwenye oveni ile. Nyumba yangu, dirisha langu, mlango wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kutabasamu tu.

"Kaa chini, mwanangu," nikasema. "Kuna shahidi mmoja hajasikilizwa."

Nikamwambia mjukuu wangu ateremke akamsalimie Sindano. Kisha nikasema yote, tarehe, saa, foili, tundu moja, dirisha, trei ya nne, kichwa mezani. Nikasema nani alinitoa na namna alivyonitoa. "Mkeo usimguse kwa neno. Aliniachia mimi niseme mwenyewe. Mimi ndiye niliyechelewa, wiki tano."

Mwanangu akasukuma kiti nyuma. Aliinuka akaenda jikoni. Nikasikia mlango wa oveni unafunguliwa. Nilipomfuata nilimkuta kapiga magoti, anamulika kwa simu, anagusa tundu moja moja kwa kidole.

"Ungekufa," akasema bila kugeuka, "na mimi niko dukani nahesabu vidonge."

"Ndiyo."

"Ningepigiwa simu na jirani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Tulikubaliana tukio moja."

"Tulikubaliana. Sanduku liko tayari nyuma ya mlango wa chumba."

Akaenda. Nikasikia anafungua zipu. Halafu sauti ambayo sikuielewa, nikadhani analia. Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku wazi magotini, na mkononi ameshika trei mbili za kuokea.

"Mama, nguo umeweka tatu na trei umeweka mbili?"

"Sikujua kama kwenu zipo."

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mfamasia mzima. Akanivuta nikakaa pembeni yake.

"Unajua ninachoogopa? Si oveni. Naogopa kwamba kila nikikuuliza utaniambia uko vizuri. Utasema hivyo siku zote, mpaka siku ambayo si kweli, na mimi nitakuwa nimeamini. Ukihamia kwangu, si utanificha hata huko, chumba cha pili tu?" Akafuta pua kwa mkono, kama alipokuwa wa miaka sita. "Leo ulikuwa umeshinda. Hakuna aliyejua. Na ukaniambia. Mtu anayeweza kuniambia hilo, mimi naweza kulala akiwa kokote."

Nikamfuta shavu kwa kiganja. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Akasema, "Basi rudisha trei jikoni, wewe, kabla hujazilowesha kwa machozi."

Akazirudisha, na nguo zangu akazipanga kabatini vibaya mno. Nimemwacha.

Jumatatu, 2 Juni

Kapiga simu asubuhi. "Mama, hujambo?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema sijambo kabisa. Nikaufunga. Nikamwambia goti la kushoto linaniuma tangu mwaka juzi, ngazi nazipanda kwa kushika ukuta, na sikuwahi kumwambia mtu. Akavuta kiti, nilikisikia kikikwaruza sakafu, akasema, "Haya, nieleze vizuri. Linauma wapi?" Tumeongea habari za goti dakika arobaini.